Jinsi ya kupata ukinzani na wati za kifaa chochote ukiwa na volti na ampia tu (mwongozo kamili, umeme wa nyumbani na sola)

Ukienda kununua jagi la kuchemshia maji pale sokoni Majengo, Dodoma, muuzaji atakugeuzia boksi akuonyeshe maandishi, wati 2000, "hili mkuu dakika mbili tu maji tayari". Sawa, ila hizo wati 2000 zimeandikwa kwa sharti, na sharti lenyewe liko pembeni kwa herufi ndogo: volti 230. Lipeleke jagi hilo hilo kijijini mwisho kabisa wa laini, kule ambako saa mbili usiku taa zinafifia kila jirani anapowasha kitu, hutazipata wati 2000, na jagi halijafa wala hujaibiwa. Ambacho hakijabadilika ni ukinzani wa ile elementi ndani. Ukishika hilo moja tu, kwamba ukinzani ndo mali ya kifaa na wati ni matokeo ya volti ulizokipa, mahesabu mengine yote ni kuzidisha na kugawanya, kalkuleta ya simu inatosha kabisa.

Nitaenda hatua kwa hatua, nikitumia vitu ambavyo viko majumbani kwetu hapa Dodoma na kwa wale wa sola huko Bahi, Chamwino, Kongwa na kwingine ambako nguzo bado hazijafika mlangoni.

Herufi nne na kanuni mbili

V ni volti. I ni mkondo, unapimwa kwa ampia. R ni ukinzani, unapimwa kwa omu, ile alama ya Ω kwenye mita. P ni nguvu, ndo hizo wati. Kama shuleni hili somo lilikupita, fikiria simtenki juu ya mnara: urefu wa mnara ndo volti, maji yanayopita kwa sekunde ndo ampia, na wembamba wa bomba ndo ukinzani. Mfano huu unafaa kuanzia tu, usiuvute mbali sana maana waya ukikatika umeme haumwagiki chini.

Kanuni zenyewe:

R = V ÷ I
P = V × I

Basi. Ya kwanza ilichapishwa 1827 na Georg Simon Ohm, mwalimu wa Ujerumani, ndo maana kipimo cha ukinzani kinabeba jina lake. Ukizichanganya hizi mbili unapata nyingine mbili ambazo mi naziona ndo tamu zaidi kwa kazi za mtaani:

P = V × V ÷ R
P = I × I × R

Hii ya I mara I mara R ndo joto la waya, Mwingereza James Joule aliionyesha mwaka 1841, tutaikuta tena tukifika kwenye waya za kwenda banda la kuku.

Hatua ya 1: pima volti halisi, usiamini 230

Chukua multimita, weka kwenye volti za AC, yaani umeme wa nyumbani (ile V yenye kamstari ka mawimbi), renji ya 600 au 750, siyo ile ya 200 maana umeme wa nyumbani unaizidi. Waya mweusi kwenye tundu la COM, mwekundu kwenye tundu la VΩ. Angalia kwanza ncha za mita kama plastiki haijachanika, shika kwenye plastiki tu, vaa viatu, afu ingiza ncha kwenye matundu mawili ya chini ya soketi. Ukipata 226 au 233 uko vizuri. Ukipata 195 nawe uko mjini kabisa, mwite fundi aangalie maungio, inawezekana kuna nati imelegea kwenye meini swichi, na kulegea huko kunachoma nyumba.

Kitu ambacho watu wengi hawafanyi ni kupima volti kifaa kikiwa kinafanya kazi. Soketi tupu inaweza kusoma 230 safi, ukiwasha jagi inashuka hadi 221, na kwenye hesabu tunayotaka ni hiyo ya 221, yaani volti ambazo kifaa kinazipata kikiwa mzigoni. Tumia ekstensheni yenye matundu mawili, jagi huku, mita kule.

Hatua ya 2: pima ampia, na hapa tuliza akili

Volti unapima kwa kugusa pande mbili. Ampia ni tofauti, mita inatakiwa iwe njiani, mkondo upite ndani yake. Ndo hapa multimita nyingi zinakufa na mafundi wanaojifunza wanapata kovu. Mtu anahamishia waya mwekundu kwenye tundu la 10A, anapima kitu chake vizuri, kesho yake anasahau kuurudisha, anachomeka kwenye soketi apime volti. Tundu la 10A ndani yake karibu hamna ukinzani kabisa, kwahiyo umeunganisha laini na nyutro moja kwa moja, na multimita nyingi za bei rahisi tundu hilo halina hata fyuzi, imeandikwa pale pale pembeni. Weka mazoea haya: ukimaliza kupima ampia, kabla hujafanya kingine chochote, rudisha waya mwekundu kwenye VΩ.

Ushauri wangu, na nauweka kwa nguvu: kama we siyo fundi usipime ampia za umeme wa TANESCO kwa kuingiza multimita njiani. Jifunzie kwenye betri ya volti 12. Betri ya sola, taa zako, toa waya wa chanya kutoka kwenye taa, ncha moja ya mita kwenye betri, nyingine kwenye taa, mita ikiwa kwenye 10A ya DC, yaani umeme wa betri. Usome haraka uachie, hizi mita ndogo hazipendi ampia nyingi kwa muda mrefu. Na usiguse betri chanya na hasi kwa mita iliyo kwenye ampia, betri ya N70 inaweza kutoa mkondo wa kuyeyusha hizo ncha mkononi mwako.

Kwa umeme wa nyumbani kuna njia tatu za amani.

Ya kwanza klampu mita, ile yenye mdomo kama koleo. Unaufungua mdomo unakumbatia waya bila kukata chochote. Siri yake ni moja: ukumbatie waya mmoja tu, laini peke yake au nyutro peke yake. Ukikumbatia kebo nzima itasoma sifuri, kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana, afu utasema klampu ni mbovu. Mafundi wanakuwa na ekstensheni fupi ambayo ganda la nje limechanwa ili nyaya tatu zitengane, bila kugusa maganda ya ndani.

Ya pili kale kakifaa kanakochomekwa kwenye soketi afu kifaa chako kinachomekwa juu yake, kanakuonyesha volti, ampia na wati kwa pamoja. Ukikapata nunua, hakuna cha kuogopa.

Ya tatu ni bure, mita yako ya LUKU. Ina kataa kekundu kanakomweka, na pembeni imeandikwa namba kama 1000 au 1600 ikifuatiwa na imp/kWh, maana yake kanamweka mara hizo kwa kila uniti moja. Zima kila kitu ndani, friji pia, hakikisha taa haimweki. Washa kifaa kimoja tu, hesabu imemweka mara ngapi kwa dakika moja. Hesabu yake:

wati = idadi ya kumweka × 3,600,000 ÷ (namba ya imp × sekunde)

Tuseme mita yako ni ya 1000, jagi limewaka, umehesabu mara 32 kwa sekunde 60. Unapata 32 × 3,600,000 ÷ 60,000 = wati 1920. Na kama soketi ilisoma volti 226, ampia unazipata kwa kugeuza kanuni, 1920 ÷ 226 = 8.5. Hujagusa waya hata mmoja. Shida ni kwa wale ambao mita imefungwa juu ya nguzo, hao warudi kwenye njia mbili za mwanzo.

Hatua ya 3: gawanya upate ukinzani

Tuna volti 226 na ampia 8.5.

R = 226 ÷ 8.5 = omu 26.6

Hiyo ndo namba ya jagi hilo. Iandike kwa makapeni chini ya kitako chake ukitaka, maana itabaki hivyo hivyo ukiwa Area C au Mpwapwa. Elementi za majagi, pasi na majiko ya koili zinatengenezwa kwa waya wa mchanganyiko wa nikeli na kromu, ambao ukipata moto ukinzani wake unapanda kidogo sana, kwa hesabu zetu hakuna tofauti ya kukosesha usingizi.

Hatua ya 4: zidisha upate wati

P = 226 × 8.5 = wati 1921

Boksi lilisema 2000. Kwahiyo muuzaji kadanganya? Subiri. Tumia ile P = V × V ÷ R na volti zilizoandikwa kwenye boksi: 230 × 230 = 52,900, gawa kwa 26.6 unapata 1989. Lebo imesema kweli, ni soketi yako tu ilikuwa chini ya 230 kidogo.

Sasa lipeleke jagi hilo mwisho wa laini ambako jioni mita inasoma 180. Watu wanadhani volti zikipungua robo hivi basi na moto unapungua robo. Hapana. 180 × 180 = 32,400, gawa kwa 26.6, wati 1218. Volti zimepungua chini kidogo ya robo, moto umepungua karibu asilimia 40, kwa sababu V inazidishwa kwa yenyewe.

Kwa muda inakuwaje? Lita moja ya maji inataka jouli kama 4,200 kupanda nyuzi moja. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari kwahiyo maji yetu yanachemka karibu nyuzi 96, hayafiki 100 (na ndo maana maharage yetu yanachukua muda kuliko ya Dar, siyo kuni mbaya). Lita moja na nusu kutoka nyuzi 20 hadi 96 ni 1.5 × 4,200 × 76 = jouli 478,800. Kwa wati 1921 gawanya unapata sekunde 249, dakika nne na kidogo. Kwa wati 1218 ni sekunde 393, dakika sita na nusu. "Dakika mbili tu" ya muuzaji haipo kokote, labda uchemshe vikombe viwili vya chai.

Ila angalia kitu hiki: uniti hazijaongezeka sana. Maji yale yale yanataka joto lile lile, jagi limefanya kazi taratibu kwa muda mrefu zaidi, kinachoongezeka ni lile joto linalopotea hewani jagi likichelewa. Ukisikia mtu analalamika umeme mdogo unakula LUKU, kwa jagi na pasi hayuko sahihi, kwa friji na pampu anaweza kuwa sahihi, tutafika.

Kumkagua muuzaji kabla hujatoa hela

Hii ndo faida ninayoipenda kuliko zote. Kariri namba 52,900 (ni 230 mara 230). Nenda dukani na multimita, weka kwenye omu, renji ya 200. Gusanisha ncha zenyewe kwa zenyewe kwanza uone zinasoma ngapi, nyingi zinasoma 0.3 hadi 0.6, hiyo utaitoa. Kifaa kisichomekwe popote, narudia kisichomekwe popote, ukipima omu kwenye kitu chenye umeme umeua mita. Bonyeza swichi ya jagi iwe ON, gusa pini mbili za chini za plagi, ile ndefu ya juu ni ya ethi achana nayo kwa sasa. Soma, toa ile 0.4, afu gawa 52,900 kwa ulichopata.

Jagi la kweli la wati 2000 lisome kama 26 au 27. Pasi ya wati 1000 isome karibu 53, ya 1200 isome 44. Jiko la pleti moja la wati 1500 lisome 35. Hita ya bafuni ya wati 5500 isome chini ya 10. Ukikuta kifaa kimeandikwa wati 3000 kwa maandishi makubwa ya dhahabu na mita inasoma 40, basi ni 52,900 ÷ 40 = wati 1322, mrudishie kwa upole.

Mita ikisoma 1 upande wa kushoto au OL, saketi imekatika, elementi imekufa au thamostati au fyuzi ya plagi. Na sasa ile pini ya ethi: hamishia mita kwenye renji kubwa kabisa ya omu, gusa pini ya laini na ya ethi, afu nyutro na ethi. Isisome chochote, iwe OL kote. Ikisoma namba yoyote, hata kubwa, elementi inavujisha umeme kwenye bati, usikitumie. Majagi yetu ya Dodoma yanaishia hapa mara nyingi, maji ya visima yana chumvi nyingi, yanaganda ukoko mweupe juu ya elementi, joto linashindwa kutoka, elementi inajichoma yenyewe ndani. Ukoko haupunguzi wati, ukipima omu ni zile zile, unachopunguza ni maisha ya elementi. Chemsha na maji ya ndimu au siki mara moja moja, ukoko unatoka.

Vitu ambavyo hesabu hii inavikosea

Usije ukachukua multimita ukapima balbu ya zamani ya waya, ile ya wati 60, ukapata omu kama 65 ukasema balbu hii ni ya wati 800. Waya wake ni wa tangsteni, ukiwa baridi ukinzani ni mdogo sana, ukiwaka unapanda zaidi ya mara kumi. Ikiwa inawaka, ukinzani ni 52,900 ÷ 60 = omu 882. Ndo maana balbu hizi zinaungua wakati wa kuwasha, siyo katikati ya kuwaka, ile sekunde ya kwanza zinavuta mkondo mkubwa. Kwa balbu tumia volti na ampia zikiwa zinawaka, usipime omu baridi.

Balbu za LED, chaja za simu, runinga, hivi ndani vina saketi inayojirekebisha, hakuna R moja ya kuzungumzia. Soma wati zake basi.

Na mota. Friji, pampu, feni, mashine ya kukoboa. Mota ikizunguka inazalisha volti zake zinazopinga zinazoingia, kwahiyo ukipima omu za koili ya pampu unaweza kupata 4, ukagawa 230 kwa 4 ukapata ampia 57 ukaogopa. Ikiwa inazunguka inavuta 5 tu. Lakini ukiizuia isizunguke, mfano pampu imejaa mchanga, inavuta mkondo mkubwa mara kadhaa na koili inaungua. Tena kwenye mota V × I haikupi wati halisi, unatakiwa uzidishe na kipengele cha nguvu, kimeandikwa kwenye kibati cha mota kama cos φ. Mfano volti 230, ampia 5, cos φ 0.8: 230 × 5 × 0.8 = wati 920. Hizo ndo LUKU inazihesabu. Na hapa ndo lile swala la umeme mdogo, mota ikipewa volti chache bado inalazimika kusukuma maji yale yale, inavuta ampia nyingi zaidi, koili inapata moto kwa I × I × R. Kama eneo lenu volti zinacheza, kilinzi cha volti kwa friji na pampu siyo anasa.

Kutoka wati kwenda shilingi

Uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja. Zidisha wati kwa saa, gawa kwa 1000. Bei usiulize mtu, chukua risiti yako ya LUKU, gawa hela uliyolipa ya umeme kwa uniti ulizopata (kama wamekata kodi ya jengo itoe kwanza). Ukipata uniti 28 kwa elfu kumi ni kama shilingi 357 kwa uniti. Wale wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, namba yao iko chini sana ya hapo.

Kwa bei hiyo, kuchemsha lile jagi mara moja, wati 1921 kwa sekunde 249, ni uniti 0.133, shilingi 47. Hamna mtu anafilisika na chai. Hita ya bafuni sasa: wati 5500, dakika 10, uniti 0.92, shilingi 327 kwa mtu mmoja kuoga. Nyumba ya watu wanne, Juni na Julai Dodoma baridi ya asubuhi mnaijua na upepo wake, kila siku 1,300, mwezi unagonga 39,000 kuoga tu. Mi sisemi muoge maji ya baridi, nasema mjue inakoenda.

Ekstensheni na breka

Plagi zetu za pini tatu za bapa zina fyuzi ya hadi ampia 13. 230 × 13 = wati 2990, huo ndo mwisho wa soketi moja na kila kitu kilichoning'inia juu yake. Jagi la 2000 na pasi ya 1200 kwenye ekstensheni moja ni 3200, ampia 13.9. Haitakata papo hapo, fyuzi haina haraka hiyo, itaanza kupata joto, plastiki inalainika, mnanusa harufu mnalaumu TANESCO. Hita ya bafuni 5500 ÷ 230 ni karibu ampia 24, hiyo isipite kwenye soketi yoyote ile, iwe na waya wake wa milimita 4 au 6 kutoka kwenye meini swichi na breka yake ya 32, na kazi hiyo afanye fundi mwenye leseni ya EWURA.

Waya nao ni kinzani

Watu wanahesabu kifaa wanasahau waya unaokipelekea umeme. Ukinzani wa waya wa shaba:

R = 0.0172 × urefu ÷ unene

Urefu ni kwa mita na unahesabu kwenda na kurudi, unene ni ile milimita ya mraba, 1.5, 2.5, 4.

Chukua banda la kuku mita 60 kutoka nyumbani Nzuguni, taa za joto za vifaranga jumla wati 1500, na mwenye nyumba kavuta waya wa 1.5 kwa sababu ndo uliokuwepo. Kwenda na kurudi mita 120. 0.0172 × 120 ÷ 1.5 = omu 1.38. Taa zenyewe zikiwaka ni 52,900 ÷ 1500 = omu 35.3. Zimefuatana kwenye njia moja kwahiyo zinajumlishwa, 36.7. Mkondo ni 230 ÷ 36.7 = ampia 6.27. Volti zinazofika bandani ni 6.27 × 35.3 = 221, na waya wenyewe unakula 6.27 × 6.27 × 1.38 = wati 54, unapasha joto udongo bure usiku kucha. Kwa saa 12 ni uniti 0.65 kila siku. Ukiweka waya wa 4 inashuka hadi wati 21. Hapo kila mtu apige hesabu yake ya bei ya waya na wiki ngapi analea vifaranga, kwa msimu mmoja pengine haulipi, kwa anayefuga mwaka mzima unalipa.

Sasa kwenye sola ndo kilio. Waya ni wa 2.5, paneli na betri viko mita 15 kutoka kwenye kifaa, volti 12, unavuta ampia 8. Kwenda na kurudi mita 30, 0.0172 × 30 ÷ 2.5 = omu 0.206. Volti zinazopotea njiani, 8 × 0.206 = 1.65. Kwenye 230 usingejua hata kama zimepotea, kwenye 12 umebaki na 10.35, taa hafifu, inveta (ile inayogeuza 12 ya betri kuwa 230) inalia na kujizima huku betri imejaa, mtu anakimbilia kununua betri mpya. Betri haina kosa. Sogeza inveta karibu na betri, waya mnene mfupi upande wa volti 12, afu urefu wote upite upande wa 230. Kama vifaa vyako vyote ni vya DC, panda mfumo wa volti 24, kwa wati zile zile ampia zinakuwa nusu na hasara ya kwenye waya inakuwa robo. Sababu hiyo hiyo ndo imefanya ile laini kubwa inayotoka Iringa ikapita Dodoma na Singida hadi Shinyanga iwe ya kilovolti 400, na treni ya SGR ipewe kilovolti 25 juu ya kichwa chake: volti mara kumi, ampia sehemu ya kumi, hasara sehemu ya mia.

Kwa wale wa 12 na ukitaka kujichagulia waya mwenyewe dukani, geuza kanuni. Amua unakubali kupoteza volti ngapi, mi nasema 0.4 inatosha, afu unene = 0.0172 × urefu wa kwenda na kurudi × ampia ÷ 0.4. Kwa mita 30 na ampia 8 inatoka 10.3, yaani waya wa 10 ndo wako, na ukisikia bei yake utaona kusogeza betri mita kumi ni rahisi zaidi. Ukisogeza ukabaki na mita 5, kwenda na kurudi 10, inatoka 3.4, chukua wa 4. Na uangalie iwe shaba kweli, siku hizi kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu, kwangua ncha na kisu, ikiwa nyeupe ndani zidisha unene ulioupata kwa 1.6.